Mchaga wa Mjini, Kihamba Unamwachia Nani?

Ikifika Desemba, Wachaga wa Dar tunagombea tiketi za mabasi ya Moshi kana kwamba mwakani hakuna Krismasi. Washikaji wanatutania kwamba tunaenda kuhesabiwa. Sawa, chekeni tu! Lakini hebu nikuulize wewe mwenzangu wa Rombo, Machame au Marangu: ukishamaliza mbege na nyama, kile kihamba huwa unakitazama, au unasimama tu kwenye migomba upigwe picha?

Kihamba ni ghorofa, si utani. Juu kabisa kuna miringaringa na miti mingine mirefu ya kivuli. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, halafu magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe yuko bandani, haendi kokote. Analetewa majani na vigogo vya migomba, naye analipa kwa samadi. Maji yanateremka kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa mkono. Yote hayo kwenye eneo ambalo mara nyingi halifiki hekta moja!

Mwaka 1989 mgao wa kahawa wa kimataifa ulipovunjika, bei iliporomoka dunia nzima. Ada za shule zikawa kasheshe. Lakini mgomba haukuuliza bei ya New York, uliendelea kuzaa. Hata mvua ikigoma kule tambarare na mahindi yakakauka, huku juu mtori unapikwa. FAO wenyewe mwaka 2011 walikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Ishu ni sisi. Kila kizazi kinagawana, vipande vinazidi kuwa vidogo, na vijana tumejazana Kariakoo. Kwa mila, nyumba ya wazazi na kihamba chake huachiwa kitinda mimba wa kiume. Kwetu ndiyo mimi! Safari iliyopita mzee aliniita pembeni: "Mwanangu, kaka zako wana vyao, hiki ni chako. Ila tumebaki mimi na mama yako, na mfongo unataka watu wa kuuzibua."

Nikajibu, "Nimekusikia, baba." Hakuongeza neno.

Na dada yangu je? Mila inamruka, na hapo mimi siafiki kabisa. Yeye yuko Moshi, kila wikiendi anapanda kupunguzia migomba, na panga analijua kuliko sisi wote wa kiume. Nimemwomba mzee tukae kikao Pasaka, naye awepo. Kaka zangu wameshaanza kununa.