Kuteleza Juu ya Barafu Inayotembea

Mwezi Agosti kijiji cha Zermatt, Uswisi, huwa na maua madirishani, lakini asubuhi na mapema utakuta watu wamebeba skii begani wakisubiri gari la waya. Haipiti saa moja wako Klein Matterhorn, mita 3,883 juu ya usawa wa bahari, tayari kuteleza kwenye barafuto ya Theodul.

Barafuto ni theluji iliyolundikana miaka na miaka, ya juu ikiikandamiza ya chini hadi ikawa barafu. Uzito wake wenyewe huiteremsha polepole mno. Ikipita juu ya mwamba uliopinda hupasuka, na ufa waweza kuwa na kina cha makumi ya mita. Hatari ni kwamba theluji mpya huuziba mdomo wake, ukawa kama kisima kilichotandikwa mkeka. Ndiyo maana njia huwekewa nguzo, na anayezivuka bila kiongozi na kamba simwiti jasiri.

Wakati wa kiangazi, raha iko asubuhi. Baridi ya usiku huigandisha theluji ikawa ngumu, na skii zikakimbia vizuri. Mchana hulainika ikanasa miguu. Mwenye ubao mmoja, miguu yote miwili ikiwa imefungwa juu yake kiubavu, asingoje hadi mchana, ila asubiri ugumu wa alfajiri upungue kidogo, kwani kwenye theluji ngumu mno ukingo wa ubao hukosa pa kushika. Pumzi moja huko juu ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya theluthi kuliko pwani, basi usiharakishe. Jipake mafuta ya jua hata chini ya kidevu: theluji huirudisha miale juu.

Baada ya hapo, shuka kwenye mapango yaliyochongwa mita 15 ndani ya barafu yenyewe. Kijijini, ambako magari ya petroli hayaruhusiwi, makumbusho huhifadhi kamba iliyokatika tarehe 14 Julai 1865, watu 4 kati ya 7 waliokwea Matterhorn kwa mara ya kwanza walipofariki wakishuka. Mimi ningeanzia hapo.

Julai 2022 joto lilisimamisha kuteleza kwenye barafuto ya Theodul, na katika mwaka huo na uliofuata barafuto za Uswisi zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake. Anayepanga kwenda kiangazi aulize hali ya njia kabla ya kulipia chochote.