Yoga: Dawa ya Kihoro au Ibada ya Wenyewe?

Wazee wa pwani wana neno lao, kihoro. Ni ule mshtuko uliochanganyika na huzuni, unaomkaa mtu moyoni hata akakonda, akakosa usingizi, asione ladha ya chakula wala ya mazungumzo. Madaktari wana majina mengine ya kuyagawanya maradhi haya, lakini mtu wa Garsen ukimtajia kihoro hahitaji kufasiriwa.

Sababu ya kukijua anayo. Tarehe 22 Agosti 2012, siku chache baada ya Idi, kijiji cha Riketa, upande wa Tarasaa, kilivamiwa alfajiri na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikaja Chamwanamuma, kisha Kilelengwani. Tarehe 21 Disemba ikawa Kipao. Ugomvi ulikuwa wa maji na malisho kwa upande mmoja, na mashamba ya kando ya mto kwa upande wa pili, lakini makaburi yalichimbwa pande zote mbili. Waorma walizika na Wapokomo walizika. Kisha Mto Tana wenyewe ukaongeza lake. Ulifurika 2018, ukarudia mwishoni mwa 2023 na tena 2024, na watu wakahamia penye mwinuko na magodoro yao kichwani.

Waliokufa huhesabiwa, na nyumba zilizochomwa huhesabiwa. Mama anayeruka kitandani usiku wa manane kwa sababu mbwa amebweka hayumo katika hesabu hizo. Husomewa, hunyweshwa kombe, pengine hupelekwa kwa mganga akaambiwa ana pepo anayetaka ngoma. Akibahatika hufikishwa hospitali ya Hola, au hupandishwa basi kwenda Malindi mpaka Mombasa, ambako hospitali ya Port Reitz ina sehemu ya maradhi ya akili. Safari hiyo ina nauli yake, na wengi huishia njiani.

Ndipo hapa linapoingia jambo ambalo baadhi ya wasomaji watalikunjia uso, nalo ni yoga. Neno hili ni la lugha ya Kisanskriti, na asili yake ni kufunga nira, kama wafungwavyo ng'ombe wawili wa kulima. Wenyewe Wahindi walikusudia kuifunga nafsi isitangetange. Ina kuvuta pumzi kwa utaratibu, ina kuunyoosha mwili, ina kukaa kimya. Na kwa wenye dini yao, ina pia maneno ya kuita miungu.

Waislamu hawakuisikia yoga jana. Abu Raihani al-Biruni, mwanachuoni aliyekwenda Bara Hindi zama za Sultani Mahmud wa Ghazna, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali yapata miaka elfu moja iliyopita. Alitaka kujua wenzake wanaamini nini, akaandika bila kutukana na bila kusilimisha kisichosilimika. Kabla yake, Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutunga kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba nafsi nayo huugua, kwa hofu, kwa ghadhabu, kwa huzuni na kwa wasiwasi, na kwamba inastahili kutibiwa kama mwili unavyotibiwa. Anayesema kuwa ugonjwa wa moyo uliovunjika ni upungufu wa imani tu, basi ana ubishi na al-Balkhi, si na mimi.

Juu ya hukumu yake, wanavyuoni hawakukubaliana. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza mwaka 2008. Mwaka uliofuata wanavyuoni wa Indonesia wakapambanua: ile yenye maneno ya ibada ya Kihindu ni haramu, mazoezi matupu hayana neno. Saudi Arabia, mwaka 2017, ikaruhusu ifundishwe kama mchezo wa viungo. Nionavyo mimi, upambanuzi wa Indonesia ndio unaotufaa. Ama wale wanaopenda kusema kuwa sala yetu ni yoga, kwa kuwa ina rukuu na sijida, wangeliacha neno hilo. Sala ni ibada na ina nia yake. Anayesujudu ili anyooshe mgongo hajasali, na mgongo wenyewe hajaunyoosha vizuri.

Je, inatibu? Swali hili lina majibu ya kupimwa. Tangu 1924 kule Lonavla, Bara Hindi, Swami Kuvalayananda alifungua chuo cha kuipima yoga kwa vyombo vya kisayansi. Jaribio linalotugusa zaidi lilichapishwa Marekani mwaka 2014, nalo ni la Bessel van der Kolk na wenzake. Walikusanya wanawake 64 waliokuwa na kiwewe sugu, waliokwisha tibiwa wasipone. Nusu walifanya yoga saa moja kila wiki kwa wiki 10, nusu wakapewa mafunzo ya afya. Mwishoni, katika 31 wa yoga, 16 hawakuhesabika tena kuwa na maradhi yale. Katika 29 wa upande wa pili walikuwa 6. Basi wako 15 waliofanya yoga na maradhi yakabaki, na anayeuza yoga kama dawa ya kila kitu hawataji hao.

Siri kubwa iko katika pumzi. Mtu mwenye hofu hupumua juu juu, haraka, kama aliyekimbizwa, na mwili ukiona hivyo huamini kweli anakimbizwa. Akitoa pumzi polepole, mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni huupunguza moyo mwendo. Mwaka 2001 madaktari wa Italia wakiongozwa na Bernardi waliwapima watu wakisoma rozari ya Kikatoliki kwa Kilatini, kisha wakisema maneno ya yoga. Yote mawili yaliteremsha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda kwa mpango mzuri zaidi. Dhikri haikuwamo katika jaribio lile. Lakini msomaji aliyewahi kukaa na tasbihi baada ya alfajiri atajua kwa nini nimelitaja.

Kwa anayetaka kujaribu, si kazi ya gharama. Tandika mkeka, keti mgongo wima au lala chali. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi 4, hesabu moja kwa sekunde, itoe ukihesabu hadi 6. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 asubuhi na 5 kabla ya kulala. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kawaida. Mwenye mimba au maradhi ya moyo amwulize daktari kabla ya kujipinda viungo.

Akipatikana mwalimu wa kuja Garsen, wanawake wafundishwe na mwanamke, ndani ya ua. Na awe anajua watu hawa wamepitia nini. Aliyevamiwa usingizini usimwamuru afumbe macho na kulala chali mbele ya watu, wala usimshike bega kwa nyuma kumnyoosha. Katika lile jaribio la 2014 yoga iliandaliwa mahsusi kwa wenye kiwewe. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project imekuwa ikitoa walimu Waafrika tangu 2007, basi mwalimu haagizwi kutoka ng'ambo.

Lakini anayesikia sauti zisizokuwapo, asiyekula siku kadhaa, au anayesema amechoka kuishi, huyo asipelekwe mkekani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na dawa alizoandikiwa asizikatize kwa sababu ya yoga. Familia nyingi zilikuwa zikimficha aliyejaribu kujiua, kwa aibu na kwa kuogopa polisi, maana sheria ilimhesabu mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinapingana na katiba.