Kufufua Pijo kuukuu: Darasa la mzazi na mwanawe

KATIKA maboma mengi nchini Kenya, nyuma ya nyumba au chini ya mwembe, lipo gari lililosimama miaka na mikaka. Magurudumu yameishiwa na pumzi, kuku wanataga mayai kwenye kiti cha nyuma, na rangi iliyokuwa nyeupe imegeuka kuwa ya vumbi. Aghalabu gari hilo ni Peugeot 504, ambalo wananchi walilibatiza Pijo. Siku moja mnunuzi wa vyuma vikuukuu hubisha hodi, akalipima kwa kilo, na historia ya familia ikapakiwa kwenye mkokoteni.

Hata hivyo, kwa mzazi mwenye kijana wa umri wa miaka 14 hadi 17, gari hilo laweza kuwa na thamani isiyopimika kwa mizani. Kulifufua pamoja ni kazi ya miezi, pengine miaka, na si kila familia inayoimudu. Lakini wanaoianza kwa mpango huambulia mambo mawili ambayo ni adimu siku hizi: kijana anayejua kutengeneza kitu kwa mikono yake, na saa kadhaa kila wiki ambapo mzazi na mwanawe wana jambo la kuzungumzia.

Gari lililozoea vumbi

Pijo 504 ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na mwaka 1969 ikatawazwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Lakini sifa zake hapa nchini hazikutokana na tuzo za Ulaya, bali na barabara. Ove Andersson wa Uswidi alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 akiendesha 504, na mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akatwaa taji hilo kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Kabla yake, kaka yake 404 ilikuwa imeshinda mara nne katika miaka ya sitini.

Wasiofuatilia mashindano waliijua kama matatu. Toleo lake refu lenye safu tatu za viti lilibeba abiria wa safari za mbali kutoka Nairobi hadi miji ya bara, na kuwafikisha makwao katika barabara ambazo magari mengine yalizikimbia. Ufaransa ilikoma kuunda saluni za 504 mwaka 1983, lakini kazi ya kuziunganisha nchini Kenya na Nigeria iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu vipuri na mafundi wanaolijua gari hili bado wanapatikana.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo magari ya kale yaliyosalia nchini ni hazina isiyoongezeka kwa urahisi. Kila moja linalokatwa vipande linapunguza idadi hiyo.

Mashine isiyoficha siri

Gari la kisasa huongozwa na kompyuta. Likikataa kuwaka, fundi huunganisha kifaa cha kusomea hitilafu, na mtoto anayetazama haoni lolote ila herufi na tarakimu. Pijo ya kabureta haina mafumbo hayo. Ili iwake, huhitaji petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inayofika kwa wakati. Kijana akiyaelewa hayo, anaweza kuitafuta hitilafu kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo mantiki inayofundishwa katika somo la sayansi, ila hapa jibu linasikika kwa masikio.

Mathalani, kuna pointi, vyuma viwili vidogo ndani ya kigawanya umeme ambavyo hufunguka na kufungana ili kuzalisha cheche. Vinapofunguka kabisa, nafasi kati yake hutakiwa kuwa takriban milimita 0.4. Ikizidi au ikipungua, cheche hudhoofika au huja kwa wakati usiofaa, na injini hukohoa. Kijana anayepima nafasi hiyo kwa kibamba chembamba cha chuma, kisha akasikia injini ikitulia, hahitaji tena kuulizwa desimali zina faida gani.

Kadhalika, injini ya 504 iliundwa ili ifunguliwe na kutengenezwa upya. Pistoni zake hupanda na kushuka ndani ya laina, yaani mirija ya chuma inayozungukwa na maji. Zikichakaa, huchomolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni zake, bila haja ya kuchonga bloku. Udhaifu wake mkubwa ni joto. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na maji yakikauka hupinda. Ndiyo maana kabla ya kukirudisha, sharti kipimwe unyoofu wake, na ikibidi kipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kukisawazisha.

Hatua kwa hatua

Kazi huanzia kwenye karatasi, si kwenye spana. Nambari ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zile zilizo katika kitabu cha umiliki, la sivyo familia itatengeneza gari isiloweza kulimiliki kisheria. Baada ya hapo huchunguzwa kutu, hasa sakafuni, chini ya milango na mahali springi zinapoegemea. Injini iliyokwama yaweza kufufuliwa, ila bodi iliyoliwa na kutu ndiyo humaliza fedha na subira.

Injini iliyolala miaka mingi haifai kuwashwa papo hapo. Plagi hutolewa, oili kidogo ikamiminwa ndani ya silinda, kisha injini ikazungushwa kwa mkono hadi ilegee. Petroli ya zamani, ambayo huganda kama gundi, humwagwa na tangi likasafishwa. Maji ya breki nayo hubadilishwa pamoja na mipira yake, kwani hufyonza unyevu hewani na kuozesha vyuma kwa ndani. Kanuni ni moja: gari lisijifunze kwenda kabla ya kujifunza kusimama.

Kila kinachofunguliwa kipigwe picha, na kila fungu la nati litiwe katika mfuko wenye jina. Kazi hii yafaa kukabidhiwa kijana, ambaye aghalabu ndiye hodari wa simu. Kichwa cha injini kikiwa kimetolewa, mtu asizungushe injini kabla ya kuzibana laina. Zikiinuka, maji yatavujia kwenye oili.

Usalama hauna mzaha. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Sharti liegemezwe kwenye vigingi imara vya chuma. Vumbi la breki za zamani huenda lina asbesto, madini yanayosababisha saratani, hivyo lisipulizwe bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Tena, hata gari likiwaka, kijana ambaye hajatimiza miaka 18 hana ruhusa ya kuliendesha barabarani. Funguo hubaki kwa mzazi.

Bega kwa bega

Ugumu mkubwa, hata hivyo, haupo kwenye chuma. Umri wa ujana ni umri wa majibu ya neno moja. Mzazi akimkalisha mwanawe kitako na kumuuliza habari za shule, huambulia "sawa" na mlango ukafungwa. Lakini watu wawili walioinamia injini hawatazamani usoni. Mikono ina kazi, kimya hakiudhi, na maneno hujitokea yenyewe kati ya nati moja na nyingine.

Tuseme binti wa miaka 15 anafungua boliti iliyoshika kutu. Anaivuta kwa nguvu nayo inakatika. Babake alimwonya. Hapo ndipo gari hulipima penzi la mzazi: anaweza kumpokonya spana na kumaliza kazi mwenyewe, au anaweza kumkabidhi keekee na kumwonyesha jinsi kipande kilichosalia kinavyotolewa. Akichagua la kwanza, gari litapona mapema, lakini binti hatarudi Jumamosi ijayo. Akichagua la pili, watapoteza wiki nzima, na binti atakuwa amejifunza kwamba kosa lake linaweza kurekebishwa, tena na yeye mwenyewe.

Mzazi naye hana budi kukubali kwamba hajui kila kitu. Wengi watalazimika kumwendea fundi mzee wa jua kali, pale Grogan jijini Nairobi au mjini kwao, ambaye huitambua hitilafu ya kabureta kwa sikio tu. Mafundi hao wanazeeka, na maarifa yao hayakuandikwa popote. Kijana akimwona babake amechuchumaa kando ya fundi akiuliza maswali kama mwanafunzi, hupata somo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulitoa: kwamba kujifunza hakuna mwisho, wala hakumpunguzii mtu hadhi.

Kuhusu gharama, busara ni kuweka kikomo cha fedha cha kila mwezi na kutokigusa karo. Subira ndiyo akiba kubwa. Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga, lakini hawakusema kwamba anayemkunja hubaki alivyokuwa. Siku ambayo injini itakohoa, ikatoa moshi wa buluu na hatimaye kuunguruma, kuku wakitawanyika uani, gari litakuwa dogo kuliko yote yaliyotengenezwa hapo.