Wenye Shungi na Maporomoko ya Elgon

Katika miji ya Busia na Tororo, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kichwa cha mwanaume huhesabiwa kuwa kimetunzwa pale kinaponyolewa, na mwanaume anayeziacha nywele zake zikue hadi mabegani au mgongoni hulazimika kujieleza kwa mwajiri, kwa wakwe, kwa mwalimu wa mtoto wake na mara nyingine kwa askari wa barabarani. Wengi huamini kwamba nywele hizo ni uigaji wa kigeni ulioingia pamoja na kanda za muziki wa reggae. Historia ya nchi hii inaonyesha mambo tofauti kabisa: nywele ndefu za mwanaume ni jambo la kale hapa, na tangu zamani mahali pake palikuwa nje ya mji, yaani malishoni, msituni, mlimani na penye maji yaendayo kasi. Kwa hiyo mwenye rasta anayeondoka mpakani mwisho wa juma kwenda kusimama chini ya maporomoko ya Mlima Elgon anafuata njia ya zamani, hata kama yeye mwenyewe anadhani anakwenda kupumzika tu.

Inafaa kwanza kuyapanga maneno. Kiswahili hutofautisha nywele za singa, ambazo ni laini na hulala, na nywele za kipilipili, ambazo hujikunja tangu zinapochomoza katika ngozi. Shungi ni fungu la nywele ndefu lililoachwa likakua au likakusanywa pamoja. Neno rasta lina matumizi mawili, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Tanzania huweza kuwa jina la msuko wa wanawake unaoongezewa nywele za bandia, ilhali mpakani mwa Kenya na Uganda humaanisha hasa mtu mwenye nywele zilizosokotana, au nywele zenyewe, ambazo vijana huziita pia dredi.

Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, na za kipilipili hukua polepole kidogo kuliko hapo; kila unywele huishi miaka kadhaa kisha hung'oka wenyewe, na kichwa cha mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Kwa mtu anayechana nywele zake, hizo zilizong'oka huondoka na kitana. Kwa mwenye rasta hazina pa kwenda, kwa sababu mikunjo ya kipilipili huzikamata, zikajisokota na zile zilizo hai, na msokoto mmoja ukawa na miaka mingi ya mwili wa mtu huyo ndani yake. Hapo ndipo ulipo ukubwa wa jambo ambalo wenye kushika mkasi mara nyingi hawalioni: anayekata rasta ya miaka kumi na mitano hakati tu kilichoota mwaka huu.

Busia na Tororo zenyewe ni nchi za maji yaliyotulia. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na safari fupi za baiskeli kati ya vituo vya mpakani vya Busia na Malaba ndizo zilizoipa dunia neno bodaboda. Mto Sio hupita Busia taratibu ukielekea Ziwa Viktoria, na Mto Malaba, unaoanzia miteremko ya Elgon, hukata mpaka na kwenda kuishia katika mabwawa ya Mto Mpologoma na Ziwa Kyoga. Kilichoinuka ni mwamba wa Tororo, kigingi cha volkeno kilichobaki baada ya mlima uliokizunguka kumomonyoka, nao hupandwa kwa ngazi hadi kileleni, ambako siku ya anga safi Elgon huonekana kaskazini mashariki, mpana kiasi kwamba mgeni huweza kuudhani wingu. Anayetaka maporomoko sharti aufuate mlima huo. Upande wa Kenya yako maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, karibu na Webuye. Upande wa Uganda yapo ya Sipi katika Wilaya ya Kapchorwa, ambayo ni matatu yanayofuatana, la chini kabisa likishuka karibu mita 100.

Elgon ni volkeno iliyozimika, na maporomoko yake yametokana na namna ulivyojijenga: tabaka gumu la mawe ya lava limelala juu ya tabaka laini la majivu na vifusi, maji yakalila lile laini kwa chini, na lile gumu likabaki limechomoza kama ukingo wa paa. Ndiyo sababu nyuma ya pazia la maji huko Sipi kuna mapango, na mtu huweza kupita nyuma ya poromoko na kuyatazama maji kutoka upande yanakotokea.

Mwenye nywele ndefu hukutana na poromoko kwa namna ambayo aliyenyoa haijui. Kabla hajayafikia maji, manyunyu humtangulia, na kwa kuwa uso wa kila msokoto una maelfu ya ncha ndogo zilizochomoza, matone hukaa juu yake bila kuzama, meupe kama umande juu ya utando wa buibui. Akiingia chini ya maji, kwa sekunde chache za kwanza nywele hukataa kulowa, kisha hulowa zote kwa pamoja. Unywele mmoja huweza kunywa maji karibu theluthi moja ya uzito wake, na nafasi zilizo kati ya nyuzi hubeba mengi zaidi, hata kichwa kikavutwa nyuma na shingo ikalazimika kufanya kazi. Akitoka, huinama na kukamua shungi moja moja kuanzia shinani kwenda nchani, kama anayekamua nguo nzito, na maji ya mwanzo huwa na rangi ya vumbi la barabara ya Malaba. Kisha hukaa juu ya jabali lenye jua, na hapo hulazimika kukaa kweli, maana rasta nene huhitaji saa nyingi kukauka, na ikifungwa ingali mbichi hushika uvundo na ukungu ambao ni vigumu kuutoa. Raha inayoonekana kwa mtu huyo aliyeketi kimya kando ya maji inatokana kwa sehemu na sharti hilo la subira.

Nywele za namna hiyo si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1902 Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini Uganda, alichapisha kitabu kikubwa juu ya nchi hiyo na watu wake, na ndani yake alieleza nywele za wanaume wa Pokot, wakaao kaskazini mwa Elgon, zilizoshikamanishwa zikawa kama mfuko mzito ulioning'inia mgongoni. Wanaume wa Turkana walikuwa na mtindo wa karibu na huo, na wa Karamoja walijenga nywele zao kwa udongo uliopakwa rangi, wakachomeka manyoya ya mbuni. Wateso, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Tororo na wa kaskazini mwa Kaunti ya Busia, ni ndugu wa Wakaramojong na Waturkana kwa lugha na kwa asili. Anayemwambia kijana wa Kiteso kwamba nywele ndefu za mwanaume zimetoka ng'ambo ya bahari amesahau waliko jamaa za kijana huyo.

Zaidi ya mtindo, kulikuwa na maana. Morani wa Kimaasai hukuza nywele, akazisuka na kuzipaka ngeu, kwa muda wote anaoishi nje ya maisha ya kawaida ya boma. Siku ya sherehe ya eunoto, inayomvusha kuelekea utu uzima, mama yake humnyoa. Katika Biblia, sura ya sita ya Kitabu cha Hesabu inaweka nadhiri ya Mnadhiri, mtu aliyejitenga kwa ajili ya Mungu, ambaye wembe haumgusi hadi siku zake zitimie, na zikitimia hunyoa. Mwislamu aliye katika ihramu, hali ya kujitakasa anayoingia mwenye kuhiji, haruhusiwi kukata nywele hadi amalize ibada, kisha hunyoa au hupunguza. Mila hizi tatu hazikufundishana neno kwa neno, lakini zinakubaliana jambo moja: nywele hupima muda ambao mtu yuko nje ya mambo ya kila siku, na kunyoa ni kurudi.

Kipimo hicho ndicho kinachoeleza vizuri nywele za wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga ukoloni nchini Kenya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, maelfu ya watu waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, nchi ya mabonde marefu na maporomoko makubwa, wakaishi huko bila kinyozi wala mkasi. Dedan Kimathi, mmoja wa viongozi wao, alipokamatwa Oktoba 1956, picha iliyosambazwa na serikali ya kikoloni ilimwonyesha amelala chini, shungi zake zikiwa zimetapakaa. Serikali ilikusudia aonekane kama mnyama, na vizazi vilivyofuata vikamwona shujaa. Mpiganaji mwingine, Musa Mwariama, alitoka msituni Desemba 1963, uhuru ulipopatikana, akiwa na rasta zake. Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana katika misitu hiyo hiyo, hakukubali kuzikata zake hata baada ya uhuru, kwa kuwa kwake yale waliyoyapigania yalikuwa hayajatimia. Zilikatwa Aprili 2022, yeye akiwa na zaidi ya miaka 90. Aliishi mjini kwa miongo mingi na nywele za msituni, na hakuna hotuba ya siasa iliyosema zaidi ya kichwa chake.

Picha za wapiganaji hao zilifika Jamaika katika miaka ya 1950, na wapo wanazuoni wanaoshikilia kwamba ziliwatia moyo Marastafari, wafuasi wa imani iliyochipuka huko baada ya Haile Selassie kutawazwa kuwa Mfalme wa Ethiopia tarehe 2 Novemba 1930. Wengine huelekeza kwenye nadhiri ya Mnadhiri, na wengine kwa vibarua wa Kihindi waliopelekwa Jamaika na kumbukumbu ya watawa wa Kihindu, ambao hukuza nywele zilizosokotana kwa kumfuata Shiva. Katika masimulizi ya Kihindu, mto Ganga ulishuka kutoka mbinguni kwa nguvu ambayo ingeipasua ardhi, Shiva akaupokea kichwani, na maji yakapungua kasi kwa kupita katika shungi zake kabla ya kugusa nchi. Familia za Kihindi zilizofungua maduka Tororo kwa kuifuata reli zilikuja na simulizi hilo, na pengine hakuna mfano ulio wazi zaidi wa jinsi nywele ndefu na poromoko la maji zilivyofungamana katika fikra za binadamu.

Mji, kwa upande wake, umekuwa na mkasi. Shule za wamisionari zilinyoa, jeshi likanyoa, na baada ya uhuru serikali nazo zikaendelea; Malawi ya Rais Banda, katika miaka ya 1970, iliwazuia mpakani wageni wa kiume wenye nywele ndefu mpaka wanyoe. Nchini Kenya mambo yalibadilika tarehe 13 Septemba 2019, pale Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu ya Nairobi alipoamua kwamba Rastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba shule iliyomfukuza mwanafunzi kwa sababu ya rasta zake ilikiuka haki yake.

Hukumu hiyo haivuki mpaka. Mtoto wa Kirastafari anayesoma Busia ya Kenya anayo mahakama nyuma yake. Mwenzake wa Busia ya Uganda, anayeamka kwa adhana ile ile na kununua maandazi katika soko lile lile, hana hukumu hiyo ya kumkinga. Walimu wakuu wa Tororo na Busia hawana haja ya kungoja kesi nyingine ifunguliwe. Rasta iliyooshwa na kukaushwa vizuri ni safi sawa na kichwa kilichonyolewa, haimzuii mtoto kusoma, na si ushahidi wa kosa lolote. Wamwache aingie darasani nayo.