Maniema: picha ya setilaiti iliyonolewa inaonyesha vizuri, lakini haipimi kila kitu

Shamba la muhogo lililofunguliwa porini karibu na Kasongo, au shimo la dhahabu upande wa Salamabila katika Kabambare: yote mawili yanaweza kuonekana kama doa tu kutoka angani. Setilaiti ya Marekani Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, hupiga picha za rangi ambazo kila nukta yake inafunika mita 30 kwa 30. Shimo la wachimbaji wadogo humezwa humo pamoja na miti inayolizunguka.

Setilaiti hiyo hiyo hupiga pia picha nyeusi na nyeupe yenye nukta za mita 15. Wataalamu huunganisha hizo mbili: ukali kutoka moja, rangi kutoka nyingine. Huko ndiko kunoa picha, na njia zake hazifanani.

Njia ya Brovey ni nyepesi. Huzidisha kila rangi kwa mwanga wa picha nyeusi na nyeupe, hivyo barabara na kingo za mto Luama hujitokeza wazi. Hasara yake ni kwamba rangi hubadilika. Njia ya Gram-Schmidt kwa kawaida hulinda rangi zaidi. Nyingine huchukua mistari midogo tu ya picha kali na kuiongeza juu ya rangi. Hiyo hudai picha mbili zilingane sawasawa.

Kwa jimbo la misitu kama Maniema, kuna mtego. Picha nyeusi na nyeupe ya Landsat 8 haioni mwanga wa infraredi, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Ukiunoa mwanga huo kwa picha hiyo, msitu unaweza kuonyesha mipaka isiyokuwepo.

Wakaaji wanapobishana juu ya mpaka wa shamba, au hekta za msitu uliokatwa zinapohesabiwa, kosa hilo linaweza kumnyima mtu haki yake. Basi picha iliyonolewa itumike kutafuta mahali, ya asili itumike kupima, kisha watu waende kuhakikisha kwa miguu. Kunoa hakuondoi mawingu, wala hakufichui shimo la mita tatu.

Picha za Landsat ni za bure tangu 2008, na programu ya QGIS pia. Mwanafunzi wa Kasongo mwenye kompyuta na intaneti anaweza kulinganisha njia hizo mwenyewe.