Dubai: Nani hupanga bajeti ya shule ya mtoto wa mgeni?

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kumalizika, wazazi wa kigeni wanaoishi Dubai husubiri tangazo moja kwa hamu na hofu: ada za shule zitapanda kwa kiasi gani? Katika mtaa wa Al Baraha, upande wa Deira, tangazo hilo laweza kuamua iwapo mtoto ataendelea kulelewa na wazazi wake au atarejeshwa kwa bibi yake Mombasa, Tanga au Unguja.

Al Baraha ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Dubai. Wengi huitambua kwa hospitali yake, ambayo wenyeji bado huiita Hospitali ya Kuwaiti, na kwa ukaribu wake na Naif, mahali ambapo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wakinunua bidhaa kwa miaka mingi. Familia nyingi za hapa ni za watu wa kipato cha kati na cha chini, na aghalabu watoto wao husafiri kwa basi kila asubuhi kwenda shule za Al Qusais na Al Nahda, au hata kuvuka mpaka wa emirati na kuingia Sharjah.

Wasikilizaji wetu wa Kenya na Tanzania wamezoea bodi au kamati ya shule yenye wawakilishi wa wazazi. Je, Dubai kazi hiyo hufanywa na nani?

Mamlaka mbili juu ya shule moja

Raia wa kigeni ni takriban tisa kati ya kila wakazi kumi wa Dubai. Shule za serikali hufundisha kwa Kiarabu na zimewekwa kwanza kwa ajili ya raia wa nchi. Kwa hiyo mtoto wa mgeni, kwa kawaida, husoma shule ya binafsi, na ada yake hutoka mfukoni mwa mzazi au kwa mwajiri wake.

Katika mwaka wa masomo 2024/2025, Dubai ilikuwa na shule za binafsi 227 zenye wanafunzi 387,441. Zipo shule za mtaala wa Uingereza, wa India, wa Marekani, wa Pakistan na wa nchi nyinginezo. Kila shule ina mmiliki wake na bodi yake ya uongozi. Bodi hiyo hupitisha bajeti, huidhinisha ajira na huamua kama shule itapanuliwa.

Hata hivyo, bodi haina uhuru wa kupanga ada itakavyo. Juu yake ipo Mamlaka ya Maarifa na Maendeleo ya Rasilimali Watu, inayojulikana kwa kifupi kama KHDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mamlaka hiyo hutoa leseni na huidhinisha kila nyongeza ya ada. Aidha, tangu mwaka wa masomo 2008/2009, wakaguzi wake wamekuwa wakizitembelea shule na kuzipa daraja, na ripoti zao hutolewa hadharani. Leo madaraja ni sita, kuanzia bora kabisa hadi dhaifu sana.

Hesabu ya nyongeza

Utaratibu wa kupandisha ada umejengwa juu ya kipimo kiitwacho Faharisi ya Gharama za Elimu. Wataalamu wa takwimu hupima jinsi gharama za kuendesha shule zilivyobadilika, yaani mishahara, kodi ya pango na matumizi mengineyo, kisha hutoa asilimia moja kwa mwaka mzima. Kwa mwaka 2023/2024 faharisi ilikuwa asilimia 3, mwaka 2024/2025 ikawa asilimia 2.6, na mwaka 2025/2026 ikawa asilimia 2.35.

Faharisi hiyo huunganishwa na matokeo ya ukaguzi. Katika utaratibu uliotumika mwaka 2024/2025, shule iliyobaki katika daraja lake iliruhusiwa kuomba nyongeza isiyozidi faharisi. Shule iliyopanda daraja iliweza kuomba zaidi, na zile zilizojikwamua kutoka madaraja ya chini ziliweza kufikia maradufu, yaani asilimia 5.2. Shule iliyoshuka daraja haikupata kitu, na shule mpya haziruhusiwi kupandisha ada katika miaka yao mitatu ya mwanzo.

Tuchukue mfano wa familia yenye watoto wawili katika shule inayotoza dirhamu 8,000 kwa mwaka. Nyongeza ya asilimia 2.6 ni dirhamu 208 kwa kila mtoto, au 416 kwa wote wawili. Ikiwa nyongeza ni maradufu, familia italipa dirhamu 832 zaidi. Kwa mwenye mshahara mnono, hizo si fedha za kumnyima usingizi. Lakini tangu mwaka 2019, mfanyakazi wa kigeni ameruhusiwa kuishi na familia yake akiwa na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Kwa mtu wa kiwango hicho, ada ya watoto wawili, dirhamu 16,000, ni mshahara wa miezi minne, kabla ya basi, sare na vitabu.

Kwa nini shule hutaka kukua

Sasa tuitazame hesabu hiyo hiyo tukiwa upande wa bodi. Shule yenye wanafunzi 1,000 wanaolipa dirhamu 8,000 kila mmoja hukusanya dirhamu milioni 8 kwa mwaka. Nyongeza ya asilimia 2.6 huiletea dirhamu 208,000. Lakini kiasi hicho hicho ni sawa na ada ya wanafunzi 26 tu. Wakihama watoto 26, ambao ni kama darasa moja, nyongeza yote imeyeyuka. Wakiongezeka watoto 26, shule imepata fedha hizo bila kumwomba mtu ruhusa ya kupandisha ada, mradi haijavuka idadi iliyowekewa na mamlaka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mahali ambapo ada imefungwa, njia kuu ya kuongeza mapato ni kuongeza wanafunzi. Na wanafunzi wapo. Baada ya janga la korona, ada ziligandishwa kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2020/2021 hadi 2022/2023. Kisha watu wakamiminika Dubai: mwaka 2023/2024 idadi ya wanafunzi wa shule za binafsi iliongezeka kwa asilimia 12, na mwaka uliofuata kwa asilimia 6. Mkakati wa elimu uliotangazwa mwaka 2024 umelenga kufungua shule mpya za binafsi zisizopungua 100 ifikapo mwaka 2033.

Ukuaji huo ni neema kwa bodi, lakini una masharti yake. Wanafunzi 26 wakitawanywa katika madarasa yaliyopo, gharama haiongezeki sana, ila kila mwalimu ana madaftari mengi zaidi ya kusahihisha. Wakifunguliwa darasa jipya, panahitajika chumba, madawati na mwalimu. Shule ya ada ndogo hushawishika kuchagua njia ya kwanza, nao wakaguzi wakija hukuta msongamano. Daraja likishuka, mlango wa nyongeza hufungwa, na shule huwa na fedha kidogo zaidi za kurekebisha kile kilichoishusha.

Mwalimu aliyetoka mbali

Fungu kubwa katika bajeti ya shule ni mishahara. Mwaka 2024/2025 shule za binafsi za Dubai zilikuwa na walimu zaidi ya 27,000, na walio wengi wametoka nje ya nchi. Kumwajiri mwalimu wa namna hiyo hakuishii kwenye mshahara. Mwajiri hulipia kibali cha kuishi na bima ya afya, na shule nyingi hutoa pia nyumba au posho ya nyumba. Mwalimu aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi anapoondoka, sheria ya kazi humpa kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Maana yake ni kwamba mwalimu anayedumu huzidi kuwa ghali kadiri miaka inavyopita. Bodi yenye macho ya karibu yaweza kuona nafuu katika kuajiri kijana mpya kila baada ya miaka miwili. Lakini mwalimu akiondoka, mtoto huanza upya na mtu asiyemjua, na shule hulazimika kutafuta, kusafirisha na kufundisha mgeni mwingine. Rahisi huwa ghali, wahenga walisema.

Mzazi ana silaha gani?

Katika mfumo huu mzazi hapigi kura ya bajeti. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawapa wazazi uwakilishi katika bodi ya usimamizi wa shule ya umma. Bodi hizo, zinapopungukiwa na walimu wa serikali, huajiri wa kwao, na aghalabu mzigo huo huwaangukia wazazi. Nchini Tanzania, kamati za shule za msingi husimamia ruzuku inayotolewa na serikali kwa kila mwanafunzi. Huko mzazi ana sauti, ingawa fungu lenyewe mara nyingi ni dogo.

Dubai mzazi hutegemea nyaraka. Ya kwanza ni mkataba kati yake na shule, unaoeleza haki na wajibu wa kila upande. Ya pili ni karatasi ya ada iliyoidhinishwa na KHDA; kiasi kisichotajwa humo, mzazi ana haki ya kukihoji. Ya tatu ni ripoti ya ukaguzi, ambayo haitaji daraja pekee bali hueleza pia uongozi, ufundishaji na usalama wa shule. Hapa inafaa tarehe ya ripoti itazamwe: kwa mwaka 2024/2025 hakukuwa na ukaguzi kamili, isipokuwa kwa shule zilizofikia mwaka wake wa tatu, hivyo daraja lililobandikwa mlangoni laweza kuwa la miaka kadhaa iliyopita.

Kwa familia ya Al Baraha, swali la kuuliza kabla ya kusaini si ada ya mwaka huu pekee. Ni pia: shule hii ilipanda au ilishuka daraja, darasa lina watoto wangapi, na walimu wa mwaka jana wangapi wamebaki? Majibu hayo matatu ndiyo yanayoonyesha bajeti ya bodi inaelekea wapi, hata kwa mzazi ambaye hakualikwa kwenye kikao chake.