Kutoka Nje Tena Baada ya Kufiwa na Mwenza

Kifo cha mume au mke huvuruga ratiba nzima ya nyumba. Watu wawili walioishi pamoja miaka mingi huwa wamegawana kazi: huyu analipa ada na kununua umeme, yule anakwenda sokoni na kujua nani anadaiwa nini. Mmoja akifariki, aliyebaki hukosa mtu wa kuzungumza naye, na papo hapo hurithi kazi ambazo pengine hajawahi kuzifanya. Ndiyo maana kujenga maisha upya huanzia kwenye mambo ya kila siku.

Katika Afrika Mashariki, siku za mwanzo zina utaratibu wake. Majirani huleta turubai na viti, wanawake hupika, ndugu hulala msibani mpaka matanga yaanuliwe. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito, na katika muda huo hutoka kwa haja tu. Familia nyingine hukutana tena kwa sala ya arobaini. Baada ya hapo wageni hutawanyika na simu hupungua. Kwa wengi upweke huanza hasa wakati jamii inapoona msiba umekwisha.

Upweke huo hugusa hata mwili. Mwaka 1969 daktari wa akili wa Uingereza, Colin Murray Parkes, na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya kwanza, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 kiwango kilichotarajiwa kwa wanaume wenye ndoa wa umri huo. Baadaye tofauti hiyo ilipungua. Huzuni huondoa usingizi na hamu ya kula, na aliyezoea kukumbushwa na mwenzake dawa za presha huanza kuziruka.

Je, kutoka na kuchangamka ni kumsahau marehemu? La. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walieleza kuwa aliyefiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili: kuomboleza na kushughulikia maisha mapya. Asubuhi anaweza kulia akikunja nguo za marehemu, na mchana akaenda kujadiliana na fundi bei ya kuziba paa. Yote mawili yanahitajika. Mgane anayecheka barazani bado anampenda mkewe, na mjane anayelia mwaka wa pili hajashindwa na maisha.

Mitoko ya kwanza kwa kawaida ni ya lazima: kuchukua cheti cha kifo, kwenda benki, kufungua mirathi mahakamani. Safari hizi huchosha, na hufaa kwenda na mtu anayeaminika. Sokoni nako kuna mtihani wake. Mgane ambaye hajawahi kununua mboga husimama mbele ya meza hajui fungu lipi la mchicha limelala, akirudi anapika ugali wa watu wawili. Mafunzo yake huja kwa kurudia: kuzoeana na muuzaji mmoja, kununua kidogo, kujua kipimo cha sufuria moja. Kila kazi anayoimudu humrudishia imani kwamba nyumba itakwenda.

Baada ya mitoko ya lazima huja ile ya hiari, na hapa siku maalumu husaidia sana. Anayengoja ajisikie vizuri ndipo atoke huweza kungoja muda mrefu, kwa kuwa mara nyingi nafuu huja baada ya mtu kuanza kufanya jambo. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni mfano mzuri. Wanachama hukutana siku ile ile kila wiki. Katika vikundi vingi sanduku la fedha lina kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Majina huitwa, kila mmoja hununua hisa, hugongewa muhuri kwenye kitabu chake, kisha huchangia mfuko wa jamii. Asipofika, kiti chake huonekana kitupu na mtu hutumwa kumjulia hali. Mwenye ufunguo mmoja wa sanduku ana sababu ya kuoga na kutoka hata siku nzito. Kwaya, darsa na jumuiya ndogo ndogo hufanya kazi hiyo hiyo.

Shughuli mpya kabisa zina faida nyingine: hazina kumbukumbu za ndoa. Kujifunza kushona, kufuga kuku au kutembea alfajiri na majirani humkutanisha mtu na watu wanaomjua kwa jina lake mwenyewe. Kinyume chake, harusi, sikukuu na mahali wawili walipozoea kwenda huamsha machungu. Kwenda kwa muda mfupi na kuondoka mapema ni busara.

Ndugu na marafiki wana sehemu yao. “Ukihitaji chochote sema” humwachia mfiwa mzigo wa kuomba. “Jumamosi saa nne nakupitia twende sokoni” humwinua. Pia wamkinge na masengenyo, kwani mjane akivaa vizuri husemwa upesi, na maneno hayo huwarudisha wengi ndani. Wasimharakishe kuuza nyumba wala kuoa au kuolewa tena.

Wapo ambao huzuni haiwaachii. Katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linatambua tatizo la huzuni ya muda mrefu: majonzi mazito yanayodumu zaidi ya miezi sita, yakapita kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini ya mfiwa, na kumzuia kuendesha maisha. Mtu wa namna hiyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Anayetamani kufa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.